Mafuta ya mtondoo: pima asidi kabla ya kostiki

Mjomba wangu wa Mtongwe ana mashua ya injini ya dizeli, na ua wake umejaa kokwa za mtondoo, ule mti wa pwani. Kila nikienda kumwamkia huniuliza, "Mwanangu, wewe uko maabara mchana kutwa. Hizi kokwa haziwezi kuendesha injini?"

Zaweza, mjomba. Kiini cha mtondoo kikikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Wala hayaliwi. Hilo kwangu ni kubwa, maana alizeti na nazi zina wenyewe jikoni.

Tabu yake ni asidi. Vijana wengi waliojifunza kugeuza mafuta kuwa dizeli kwa video humimina methanoli (aina ya spiriti) na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) moja kwa moja, kama waonavyo watu wakifanyia mafuta ya kupikia. Kwa mtondoo watapata sabuni, maana asidi ya mafuta ikikutana na kostiki hugeuka sabuni. Pima kwanza: mililita 1 ya mafuta katika mililita 10 za isopropanoli (spiriti nyingine), matone mawili ya fenolftaleini (dawa ya kuonyesha rangi), kisha dondosha maji yenye gramu 1 ya kostiki kwa lita mpaka rangi ya waridi itulie. Mafuta mapya ya kupikia hubadilika mapema sana. Ya mtondoo niliyoyapima mimi yalipita mililita 20.

Basi yapikwe mara mbili. Kwanza methanoli na asidi ya salfuriki kidogo, nyuzi 60 za Selsiasi, ili ile asidi ya mafuta yenyewe igeuke dizeli. Asidi ya betri haifai: ina maji, na maji huzuia kazi hiyo. Pima tena, kipimo kikishuka hadi mililita 2 au 3, ndipo utie methanoli mpya na kostiki. Gliserini itatuama chini, nzito na nyeusi. Dizeli ya juu ioshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uikaushe.

Nawasihi kuhusu methanoli. Ndiyo ile inayopofusha na kuua watu ikitiwa kwenye chang'aa, na moto wake mchana karibu hauonekani. Fanyia nje penye upepo, mbali na jiko la makaa na watoto.

Dizeli ya mtondoo huanza kuganda kwenye baridi ambayo Mombasa hatuijui, kwa hivyo hapo tuna bahati. Mjomba nimemwambia aanze na lita 1 kwa 4 za dizeli ya kawaida, awe na chujio la akiba, kwa sababu dizeli hii hung'oa uchafu wa zamani tangini, na aikague mipira ya kupitishia mafuta: ile ya kizamani hulainika.