Siku Tuliyompeleka Babu Green Park

Tarehe 28 Juni 2012 tulimpeleka London, kwenye bustani ya Green Park, babu yake mume wangu, kwenye uzinduzi wa mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa ndege za mabomu za Uingereza. Malkia Elizabeth mwenyewe ndiye aliyeufunua. Babu alikuwa anakaribia miaka tisini, yuko kwenye kiti cha magurudumu, medali kifuani.

Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mpiga rashasha wa mkiani katika ndege ya Lancaster. Waliruka watu saba: wenzake sita mbele, yeye peke yake nyuma, ndani ya kibanda cha vioo chenye rashasha nne. Kilikuwa chembamba mno, hata parachuti ilibidi iangikwe nje ya mlango wake. Baridi ya huko juu ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Kazi yake ilikuwa kukodolea macho giza usiku kucha, maana ndege za Wajerumani zilipenda kuvizia kwa nyuma na kwa chini. Vijana wa kikosi chao, wote wa kujitolea, walikuwa kama 125,000. Waliokufa ni 55,573. Kungoja mnara miaka 67 tangu vita kwisha kulimuuma, na haki alikuwa nayo.

Mimi nimetoka nyumba ya askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) aliyepigana Burma, kwa hiyo kimya cha wazee hawa nakijua. Sikuwahi kumuuliza kitu.

Lancaster ilipita juu ikamwaga maua mekundu, watu wakalia. Baadaye nikamsukuma hadi ndani, zilipo sanamu saba za shaba. Ukutani kuna maneno yanayowakumbuka pia watu wa mataifa yote waliouawa kwa mabomu ya vita ile. Akayasoma, kisha akautaja mji wa Ujerumani waliouchoma kwa mabomu:

"Hamburg nilikuwapo, Julai 1943. Wenzangu walikuwa wanatazama nyumbani. Mimi kiti changu kilitazama nyuma, kwa hiyo moto ule niliuangalia hadi tukafika baharini. Chini mle mlikuwa na watoto."

Mume wangu, aliyelelewa na mzee huyu, hakuwahi kumsikia akiitaja Hamburg. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Babu, tueleze." Akaeleza. Tulirudi Lincoln usiku, naye njia nzima anawataja wale sita kwa majina, nani alitoka wapi, nani alikuwa na mchumba.