Hamna tofauti

Leo siku ya tano na maneno mawili hayajaniacha nipumzike.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito kwa mambo mengine. Mkurugenzi ametangaza kwamba anastaafu mwisho wa mwaka, wifi yangu amejifungua mtoto wa kiume, na tela letu moja lililala ubavu Jumanne alfajiri (dereva mzima, mzigo nusu). Mtu mwenye akili angeandika hayo. Mimi nimekaa hapa niandike habari ya simu ya dakika nne.

Ni yule mteja wetu wa vipuri, yule ambaye mwaka juzi alinitumia picha ya paka aliyetoka ndani ya kontena lake akiwa mzima na amekasirika. Miaka 6 tumembebea. Jumatatu asubuhi nikakuta barua pepe ya mistari miwili: mkataba hautaendelea, ahsanteni kwa huduma. Nikasoma, nikafunga, nikafungua tena, nikampigia.

"Kaka, tumekukosea nini?"

"Hakuna mlichonikosea, dada."

"Ni bei?"

"Wala. Zenu na zao zinakaribiana."

"Au ule mzigo uliochelewa mwezi wa tatu?"

"Mzigo upi?"

Hakuukumbuka! Mimi mzigo ule ulininyima usingizi siku mbili, nilimwandikia barua ya radhi nikairudia mara tatu, na mwenyewe mwenye mzigo hana habari.

"Basi kaka, kwa nini?"

Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia mtu anaburuta kitu kizito sakafuni. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtoto kwamba mvua imeanza:

"Dada, hamna tofauti."

Sasa nisaidieni. Hii "hamna" ni ipi? Ni ile tunayosema kila siku badala ya "hakuna", yaani hakuna tofauti kati yenu na hao wengine? Au ni "ninyi hamna", yaani ninyi, kampuni nzima, na malori yenu 40 na mimi niliyeajiriwa kuwatafutia nafasi sokoni, hamna tofauti? Ya kwanza ni kulinganisha tu, na mtu aliyelinganishwa anaweza kujitetea. Ya pili ni hukumu. Nimeirudia sauti yake kichwani nikitafuta alikaza wapi, kwenye "ham" au kwenye "tofa". Jumatatu usiku niliamini ni ya kwanza. Jumanne asubuhi nikipiga mswaki nikawa na hakika ni ya pili. Nimemuuliza mume wangu, akaniangalia juu ya miwani: "Zote mbili maana yake ameondoka."

Afadhali angesema tumepoteza mzigo. Kosa lina utaratibu wake: kuna fomu, kuna fidia, kuna kikao cha kulaumiana, kisha watu mnasahau. Kufanana na wengine nitakujazia fomu gani?

Na aibu yenyewe ni yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa malori yetu niliyachagua mimi, na mlisoma hapa jinsi nilivyojisifu: HARAKA. SALAMA. NAFUU. Jumanne hiyohiyo, nikikimbilia kwenye ajali, nikakwama kwenye foleni nyuma ya lori la mshindani wetu, hao hao waliomchukua kaka wa vipuri. Mlangoni kwake pameandikwa: SALAMA. NAFUU. HARAKA. Nikakaa nayo robo saa mbele ya uso wangu. Tumetofautiana mpangilio.

Kikao cha Jumatano ndicho kilichonimaliza. Kijana wetu wa mipango, ambaye bado ana harufu ya chuo, alituletea mafundisho ya Michael Porter, profesa wa biashara wa Marekani, yale ya mwaka 1980: ukitaka kushinda, ama uwe na gharama ndogo kuliko wote, ama uwe na kitu cha peke yako ambacho mteja yuko tayari kukilipia, ama uchague kundi dogo la wateja ulihudumie kuliko mtu mwingine yeyote. Anayeshika zote nusunusu anabaki katikati, na katikati hapana riziki. Akachora pembetatu ubaoni. Kisha, Mungu amsamehe, akaweka kitone katikati.

"Hicho kitone ni nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Ni sisi, mzee."

Feni ikaendelea kuzunguka.

Mkurugenzi akasema basi tushushe bei. Ndilo jibu lake kwa kila kitu, na kwa miaka mingi lilimsaidia, kwa hiyo simcheki. Nikasimama. Nikasema bei ni vita ya wenye ukubwa: mwenye malori 400 akigawanya gharama ya karakana, bima na ofisi, kila safari inabeba kidogo; sisi tukigawanya, kila safari inachechemea. Nikawapa mfano wa meli. Mwaka 2022 kampuni ya meli ya MSC iliipita mwenzake Maersk kwa uwezo wa kubeba makontena, baada ya Maersk kukaa juu miaka mingi. Maersk haikukimbilia kuongeza meli ili irudi kileleni. Ilikuwa imeshaamua kuweka nguvu zake nchi kavu, kwenye maghala, forodha na usafirishaji wa bara, na Februari 2025 ikaanza ushirikiano na Hapag-Lloyd, kampuni nyingine ya meli, wenye lengo la meli kufika kwa wakati kwa zaidi ya asilimia 90. Yaani hata wao wamekataa kushindana kwa kuhesabu meli.

Nikaongeza la UPS, wasafirisha vifurushi wa Marekani, ambao Januari 2025 walitangaza kwamba watapunguza mizigo ya Amazon, lile duka la mtandaoni, mteja wao mkubwa kuliko wote, kwa zaidi ya nusu ifikapo nusu ya pili ya 2026, kwa sababu mizigo ni mingi na faida yake ni nyembamba. Mhasibu akacheka. "UPS akipunguza mteja anabaki UPS. Sisi tukipunguza wawili tunabaki na madeni." Hakukosea. Mifano ya majitu ina ubaya huo, inapendeza ubaoni tu.

Ule niliokuwa nao moyoni sikuutoa, nilihisi watanicheka. Ni wa DHL, hawa wa kupeleka vifurushi, walivyoanza mwaka 1969. Hawakuwa na meli wala lori la maana. Walichukua hati za mizigo San Francisco wakazipeleka Honolulu kwa ndege, ili kazi ya forodha ianze wakati meli yenyewe bado iko baharini. Kontena lilikuwa la mtu mwingine, meli ya mtu mwingine. Wao waliuza zile siku ambazo meli isingekaa bandarini ikisubiri karatasi. Napenda sana habari hii, na nadhani naipenda kwa sababu nina wivu nayo. Kuna watu walikaa, wakaona mahali mteja anapoumia, wakasimama hapo hapo.

Basi nikatoka kikaoni nimenuna. Alhamisi usiku sikutaka kurudi nyumbani mapema, nikaingia chumba cha wapangaji wa safari. Mzee wa Zamu alikuwa peke yake, simu mbili mezani, na lile daftari lake lenye gamba jekundu ambalo tulishamwambia mara ngapi kwamba sasa tuna programu. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwomba anionyeshe ukurasa wa mteja wa vipuri.

Hakuuliza kwa nini. Akalowesha kidole, akafunua.

Geti la nyuma, la mbele tela halikati kona. Usifike saa sita hadi saba mchana, foklifti iko kwenye chaji. Masanduku ya gia yashuke kwanza, wanayapanga ukutani. Mvua ikinyesha paki upande wa kulia, kushoto panatitia. Kisha, kwa wino mwingine: karani wa ghala macho yamechoka, hati yake ichapwe herufi kubwa.

"Hii ya herufi kubwa ni ya lini?"

"Tangu mwaka juzi," akasema. "Alikuwa anaishika karatasi hivi." Akanyoosha mkono mbali na uso, akakunja macho. "Dereva anasimama nusu saa akingoja asome. Nikaona nimwongezee herufi."

"Umewahi kumwambia bosi wake?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimekuza herufi?"

Nilicheka mpaka akanipa kiti. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Kule juu tunachora pembetatu, huku chini kuna mtu miaka yote anaandika tofauti yetu kwa kalamu, na hatukuwa tumemuuliza. Na mteja kasema hamna tofauti kwa sababu tulikuwa tunamwondolea mawe njiani kabla hajajikwaa. Kwake geti, chaji na karani havikuwa matatizo. Vingekuwaje, wakati vilitatuliwa na mtu asiyemjua?

Nikakaa na daftari mpaka saa tano usiku. Nilichokuwa nakitafuta ni saa za kusimama, maana lori halipati hela likiwa limepaki getini kwa mtu. Kwa huyu wa vipuri tulikuwa tunashusha chini ya saa moja. Kwa yule mteja wetu mkubwa wa mizigo ya jumla, ambaye Mkurugenzi anamwita nguzo ya kampuni, malori yanasimama saa nne, saa tano, kisha yanarudi matupu, maana upande ule hakuna cha kupakia. Tunamlilia aliyeondoka, na aliyebaki ndiye anayetula.

Kwa hiyo nimeandika karatasi ya Jumatano ijayo. Inapendekeza tuwatafute wenye mageti mabaya: yadi finyu, vitu vizito, saa za ajabu, mahali ambapo dereva mgeni anapoteza nusu siku. Nguzo ya kampuni tumtoze saa za kusimama, na asipotaka aende. Mhasibu atapiga kelele, na sijui kama nitakuwa na jibu zaidi ya daftari. Tena daftari lenyewe liko kichwani mwa mtu mmoja na mwandiko wake anausoma yeye tu. Maneno ya ubavuni mwa malori sijapata mengine. Nimependekeza yafutwe kwanza.

Na sasa niseme la kweli, maana hapa sijawahi kuwaficha. Ijumaa nililala usingizi mzito, na kilichonilaza si karatasi. Ni picha ya tela la wale jamaa limekwama geti la mbele, saa sita na nusu mchana, dereva anapiga honi, foklifti iko kwenye chaji, na karani amenyoosha mkono anajaribu kusoma.

Nimemwandikia kaka wa vipuri ujumbe: "Kaka, waambie watumie geti la nyuma." Haujatumwa, upo tu hapo kwenye simu. Ningeutuma Jumatatu ile ungekuwa wema. Nikiutuma leo nahisi ni kujisifu, na nikikaa nao ni roho mbaya. Mume wangu anasema yote hayo ni wivu, nilale.

Nilikuwa nataka kumalizia kwa habari za mtoto wa wifi, lakini mama amepiga simu sasa hivi. Ananiambia jicho la kushoto tangu juzi ni miezi miwili. Nikamwambia mama, juzi inakuwaje miezi miwili, na daktari si alisema turudi baada ya wiki sita? Akanyamaza kidogo. "Siyo tarehe, mwanangu. Nikiangalia juu usiku, naiona miwili."