Ile dakika baada ya ndege kupaa

Kwa miaka tisa sikupanda ndege. Nilisafiri kwa basi siku mbili nzima, miguu ikivimba, na aliyeniuliza nilimjibu kuwa napenda kutazama njia. Haikuwa kweli. Niliogopa, na woga huo ulinikosesha harusi ya mdogo wangu. Mpaka leo linaniuma.

Hofu yangu ilikuwa na mahali pake hasa. Kupaa kwenyewe nilikuwa nakuvumilia. Kilichonimaliza ni ile dakika inayofuata: ndege bado imeinua pua, mara mlio wa injini unafifia na tumbo linahisi tunashuka. Safari yangu ya mwisho, hapo ndipo nilipomkamata mkono abiria nisiyemjua, na kucha zangu zikamwachia alama.

Kisha mdogo wangu akajifungua. Alinipigia, akaweka simu karibu na uso wa mtoto, nikasikia pumzi tu, nyepesi, zikienda mbio. Usiku uleule nikakata tiketi, halafu sikupata usingizi hadi kulipokucha.

Watu huniambia nijikaze. Kujikaza hakujawahi kunisaidia. Mwili unakakamaa na hofu inabaki palepale. Safari hii nilimwendea jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa ndege mpaka akastaafu, nikamuuliza mbona injini hukaribia kuzima pale juu.

“Haizimi, mwanangu. Kuiondoa ndege ardhini kunataka nguvu nyingi. Ikishakaa hewani, rubani anaipunguza. Sikio lako la ndani lilikwisha kuuzoea msukumo, ukipungua linakudanganya kwamba mnashuka, kumbe bado mnapanda.”

Nikamuuliza na kuhusu mabawa, maana yanavyochezacheza hunitia kiwewe. Akachukua rula ya plastiki, akaipinda ikawa kama upinde, akaiachia. “Lisilopinda ndilo huvunjika.” Akanisimulia jaribio la Boeing 777 la mwaka 1995: mabawa yalivutwa juu kwa makusudi, ncha zikapanda zaidi ya mita 7, na yalipovunjika yalikuwa yamebeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa yanaotarajiwa kuubeba angani.

Akaongeza la mwaka 1983 nchini Kanada. Boeing 767 iliishiwa mafuta angani, injini zote mbili zikazima, marubani wakaishusha ikielea hewani bila injini hadi wakatua mahali paitwapo Gimli. Watu wote 69 walitoka hai. Huenda wewe habari hiyo ikakutisha. Mimi ilinilaza usingizi, kwa kuwa nilikuwa naamini injini ikizima ndege huanguka kama jiwe.

Siku ya safari nilichagua dirishani, usawa wa bawa. Tulipopaa nikasikia kishindo chini ya miguu: magurudumu yanaingia ndani. Halafu mlio ukafifia. Nikanong’ona, “bado tunapanda, bado tunapanda,” huku nikivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Viganja vililowa. Tukaendelea kupanda.

Saa moja baadaye taa ya mikanda ikawaka na ndege ikaanza kutikisika. Mbele yangu palikuwa na bilauri ya maji, nikayakazia macho. Moyoni nilikuwa na hakika tunatupwa huku na huko, lakini yale maji yalikuwa yakitetema tu, viduara vidogo vikikimbilia ukingoni, wala tone halikumwagika. Niliyatazama muda mrefu, pengine dakika kumi. Bawa nje lilikuwa likipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Maji yalipotulia, nikayanywa.

Mtoto alikuwa na siku 11 nilipompakata. Nilikuwa bado na alama ya mkanda kiunoni.