Vitabu viwili kwa mwezi vinatosha

Kitabu cha kurasa 240, ukisoma 20 kwa siku, kinaisha siku ya 12. Viwili ni siku 24, na zile sita zinazobaki ndizo zenye faida kuliko zote: ni za kurudia. Wengi hukimbilia vitano, mwezi ukiisha hawakumbuki hata sura moja. Si ajabu, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha tangu 1885 kwamba tulichojifunza huanza kutoroka ndani ya saa chache.

Dawa ya kusahau huko ni daftari. Ukimaliza sura, funga kitabu, andika sentensi tatu kwa maneno yako bila kuchungulia. Ukikwama, hukuelewa, rudi. Kupaka rangi mistari kunadanganya: ukurasa wote unakuwa njano, kichwani hamna kitu.

Vitabu vya kujiendeleza, tusifichane, mara nyingi ni wazo moja lililovutwa kurasa 200 kwa visa vya matajiri. Visa hivyo ruka tu. Historia na uchumi usiruke, maana sura ya tano husimama juu ya ya pili. Kisha jaribu zoezi moja, mathalani kuandika matumizi yote, nauli ya daladala na vocha zikiwemo, wiki mbili nzima kabla ya kugusa kitabu kingine cha fedha.