Nikon D700 bado ina kazi

Usiiuze kamera yako ya D700 eti kwa sababu kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zimejaa madukani. Ilitoka 2008 ikiwa na megapikseli 12.1, yaani pikseli 4256 kwa 2832. Hizo zinatosha kuchapa picha safi ya sentimita 36 kwa 24.

Kinachoiharibu mara nyingi ni pini zilizo ndani ya tundu la kadi ya kumbukumbu, CompactFlash. Ukiingiza kadi ikiwa imeinama kisha ukalazimisha, pini moja inapinda na kadi haisomeki tena. Kadi ikigoma, itoe, mulika tochi ndani, ukague pini kabla ya kujaribu tena. Mimi ningeiacha kadi humohumo na kuhamisha picha kwa waya wa USB. Ni polepole, lakini pini zinapona.

Betri ya EN-EL3e ina kipimo cha uzee kwenye menyu: 0 ni mpya, 4 tafuta nyingine. Mpira wa kushikia ukibanduka, futa gundi ya zamani kwa spiriti, acha ukauke, kisha bandika kwa gundi kidogo sana. Unanunua iliyotumika? Uliza idadi ya mibofyo, yaani picha ilizokwisha kupiga: shata yake, pazia linalofunguka kila unapopiga picha, ilijaribiwa kwa mibofyo 150,000.