Ramani ya Virginia iliyokula kodi yangu

Enzi hizo niko Philadelphia, wiki nzima nabeba boksi, jumamosi namsaidia mzee mmoja wa Kimarekani kwenye duka lake la vitabu vya kale na ramani. Kazi yangu kufuta vumbi tu ila masikio wazi, na siku niliyosikia Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, walitoa dola milioni 10 kwa ramani moja ya 1507, ile yenye jina America, basi nikaanza kujiona tajiri mtarajiwa.

Sasa kuna nyumba walikua wanauza vitu vya marehemu, naingia sebuleni naiona ukutani ndani ya fremu, ramani ya Virginia ya Blaeu, yule mchapaji ramani wa Kiholanzi wa miaka ya 1600! Hii niliijua yani hadi basi, mchoro asili yake ni wa John Smith, mpelelezi wa Kiingereza, 1612, magharibi iko juu na kaskazini kulia, Powhatan, chifu wa wenyeji wa kule, kakaa kwenye banda lake kule juu kushoto. Mama mmoja akapita akasema mbona bahari iko chini, hawa walikosea, mi nikacheka kimoyomoyo. Dola 350, hata punguzo sikuomba (na nimekulia Kariakoo mimi!), nikaipakata kwenye basi kama kichanga.

Mzee hakusema kitu. Akaitoa kwenye fremu, akageuza nyuma kwanza, nyeupe tupu, wakati nyingi za Blaeu zimetolewa kwenye atlasi so nyuma zina maandishi. Akaimulika na taa, karatasi ya mkono ya zamani inaonyesha vimistari vya ule ungo wa waya wa kutengenezea karatasi, hii laini kama kalenda. Akashika kidole changu akakipitisha ukingoni, zamani walichapa kwa bamba la shaba, na likigandamizwa linaacha kibonde, hamna kitu. Kumalizia lenzi: vidoti vidoti, mashine. Hata ule ukahawia nilioona ni uzee ulichapwa humohumo 😭

Akaniuliza, fremu hukufungua kule? Nikasema hapana, niliogopa wengine wataiona.

Hasara yangu mwenyewe, kodi ya mwezi ule nilikopa. Tukaiweka mlangoni dola 25, ikakaa kama wiki mbili, akaja kijana kuuliza ni orijino? Nikamwambia hapana kaka, kopi. Akasema poa tu, anataka ya kuziba ukuta. Wakati namfungia akauliza mbona bahari iko chini, nikamshika nusu saa nzima.