Siku moja maishani mwangu: maabara ya bakteria, Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi kabisa leo, lakini wa zamu ya usiku anataka kwenda kulala. Napokea makabidhiano, navaa koti.

Saa 2:00. Natoa pleti, visahani vya kuoteshea bakteria, kwenye inkubeta, nyuzi joto 37. Nyingi ni za sampuli za mkojo. Pembeni kuna mirija miwili ya agari laini, kama jeli, niliyoichoma jana kwa waya mnyoofu wenye bakteria. Kwenye mmoja, mstari wa waya umebaki mstari tu. Bakteria huyo hatembei, na vipimo vingine vinasema ni Klebsiella. Kwenye wa pili, ukungu umetoka kwenye mstari ukasambaa mpaka kwenye kioo. Huyu anatembea: E. coli.

Saa 4:00. Chai na vitumbua. Binti aliyeko field kwetu ananiuliza, "Dada, hawa hawana macho wala pua. Wanajuaje pa kwenda?"

Hapo chai yangu ikapoa. Nikamwambia, mdogo wangu, huyu E. coli ana urefu wa kama mikromita 2 tu, kwa hiyo kulinganisha chakula cha mbele yake na cha nyuma hakumsaidii. Analinganisha sasa na sekunde chache zilizopita. Ndivyo unavyotafuta mtandao wa simu milimani: mnara huuoni, unatembea tu, ukiona unaongezeka unaendelea, ukipungua unageuka.

Vipokezi vyake ni maelfu, vingi vimebanana nchani mwa seli. Chakula kikipungua, vinaiamsha protini CheA, nayo inaipa CheY fosfeti. CheY, protini nyingine, inakwenda mpaka kwenye mota ya flajela, mikia yake ya kuogelea, na kuifanya izunguke kufuata saa. Shungi la flajela linafumuka, bakteria anabiringika hovyo, halafu anaondoka na upande wowote utakaotokea. Mota zote zikizunguka kinyume cha saa, shungi linajifunga tena na anakwenda moja kwa moja. Kumbukumbu ya zile sekunde chache ni vikundi vya methili, alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa na kubanduliwa kwenye vipokezi vyake.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hana usukani hata kidogo. Mambo yakiwa mazuri anachelewa kubiringika, basi. Na kule kwenye mrija wanakula kilicho karibu mpaka kinapungua, ndipo wanafuata kilichobaki nje. Ule ukungu ndiyo safari yenyewe.

Saa 6:00. Naweka tone chini ya hadubini ili aone mwenyewe. Wengine wanatetemeka pale pale. Hao wanasukumwa na maji tu. Mmoja anakatisha mbele yetu kwa kama sekunde moja, anasita, anachepuka. Mwaka 1972 Howard Berg na Douglas Brown walichapisha kazi ya hadubini inayomfuata bakteria mmoja mmoja. Sisi tunamfuata kwa jicho mpaka anapotea.

Saa 7:00. Wali maharage. Umeme unakatika, jenereta inaitikia.

Saa 8:30. Pleti ya agari ya damu, sampuli ya kidonda. Harufu inamtaja bakteria Proteus kabla sijafungua vizuri. Ametambaa juu ya kila kitu, mawimbi ya duara ndani ya duara: seli zinarefuka, zinaota flajela nyingi, zinasogea kwa makundi, zinapumzika, zinaanza upya. Kama kuna bakteria mwingine hapo chini yake, simuoni. Naotesha upya kwenye CLED, agari ya aina nyingine, humo hawezi kutambaa. Daktari ameshapiga simu mara mbili. Majibu kesho.